Fisi Aliyetafuta Kiini cha Waraka

Nianze, nisianze?
— Anza!
Masikio mmeyaacha nyumbani?
— Tumekuja nayo!
Basi yategeni. Anayesinzia amwegemee jirani yake, mie sirudii.

Hapo kale wanyama walikuwa na chemchemi moja, na kwenye chemchemi ile alikaa Fisi. Alikaa! Matako chini, waraka mkononi. Waraka wenyewe waliuandika wakubwa wa baraza kabla hawajahamia malisho ya mbali, wakamwachia Fisi, maana kati ya waliobaki ndiye pekee aliyejua kusoma. Kha! Kujua kusoma. Mtaona.

Kila anayetaka maji alete yai. Sasa Karunguyeye, yule mdogo mwenye miiba mgongoni, atalibebaje? Kila alfajiri aliingia vichakani kutafuta yai la kanga, akalisukuma kwa pua. Gurugu, gurugu. Likikwama, anazunguka upande wa pili. Gurugu, gurugu. Anafika jua limeshapanda, pua imechubuka, na nyumbani ameacha watoto wanne ndimi zimewakauka.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Yai?"

"Hili hapa. Lakini mzee, kwa nini tunatoa mayai?"

"Waraka umesema." Fisi akasafisha koo, akasoma: "Fisi atafagia majani, wote wanywe maji safi. Fisi atazibua mfereji, maji yawafikie wote. Fisi atafukuza siafu, wote wasiumwe. Fisi ataamka mapema, wote wasicheleweshwe." Akamkodolea macho. "Jina langu limo mara ngapi?"

"Mara nne."

"Basi! Chenye jina langu mara nne ni cha nani?"

Akapasua yai, kwacha! Ute akamwaga, ganda akatupa, kiini akameza, mwaa! Kiini ndicho alichopenda, jamani. Mengine kwake taka.

Karunguyeye akajaza mashavu maji, akarudi kwa wanawe.

Kesho yake, gurugu, gurugu. Shikamoo. Marahaba. Kwacha! Mwaa!

Siku ya tatu alichoka mpaka akashindwa kuinuka. Akabaki pale chini, Fisi akimsomea Ngiri, kisha akimsomea Digidigi. Yeye wala hakuwa anasikiliza, alikuwa amechoka tu. Lakini maneno yale yale yakimpita, yakimpita, akajishtukia: ala! Kila linapoanzia ni Fisi, kila linapoelekea ni kwa wote. Huu waraka haumsemi Fisi. Unasema maji! Fisi humu ni mfagiaji!

"Mzee, waraka unasema maji ni ya wote, na wewe ufagie."

"We bibi miiba, umesoma wapi?"

Puu! Teke. Mwenye akili anampiga teke Karunguyeye? Fisi aliruka kwa mguu mmoja, uwii, uwii! Lakini maji siku ile alimnyima. Na mtoto mdogo wa Karunguyeye jioni hakulia tena. Alimtazama tu mamaye.

Asubuhi Karunguyeye akaja bila yai.

"Yai liko wapi?"

"Kanga wa kwetu wamehama. Nimechoka, mzee. Lakini nawe, msomi mzima, unahangaikia viini vya kanga, kiini cha waraka umekiacha?"

Masikio ya Fisi yakasimama. "Waraka una kiini?"

"Asiyekipata hajasoma."

"Kikubwa?"

"Ndicho kinachobeba maneno yote hayo."

"Kiko mstari gani?"

"Hakikai mstari mmoja. Kimeenea humo ndani."

Fisi akaunusa waraka. Akaulamba. Akang'ata, charr! Mcha, mcha, mcha.

"Mbona mchungu?"

"Hayo maganda, mzee. Endelea."

Charr! Mcha, mcha.

"Sikioni!"

"Endelea."

Akaendelea mpaka kipande cha mwisho kikapita kooni, ngwe!

Ngiri na Digidigi hao, na mayai yao. "Shikamoo mzee. Tusomee, tutoe."

Fisi akakunjua kiganja. Kitupu. "Umo... tumboni."

"Tumboni hatusomi," akasema Ngiri, meno nje. "Bila waraka, yai hulioni."

"Kwani ulisemaje hasa?" akauliza Digidigi.

Wakamgeukia Karunguyeye.

"Maji ni ya wote. Fisi afagie."

"Maneno yote yale, ni hayo tu?"

"Hayo tu."

Fisi akashikishwa ufagio, mkono mmoja tumboni. Fyagi, fyagi. Ngiri na Digidigi wakaruka, wakapiga vigelegele. Karunguyeye hakuruka. Alikwenda kuwaleta wanawe, mdogo akamtanguliza. Gudu, gudu, gudu. Alipoona koo lile dogo linapanda na kushuka, akajilaza kando ya maji, akalala, yeye mwenyewe hajaonja hata tone.

Maneno yangu yameisha, mate yamekauka. Mwenye lake alipeleke kwao.

Na funzo, wanangu: kusoma kunaumiza tumbo, acheni kabisa. Na anayesoma kwa sauti mkimbieni, msimsikilize. Mtakuja kuelewa bure, halafu kila mtu awaulize nyie.