Koo la Lutengano na Filta ya Lori

"Aliyekabwa koo halaumiwi kwa kunyamaza." Mmemsikia shangazi yenu akiusema msemo huo jikoni, sasa mnataka kujua ulikotoka. Wanangu, ulitoka kwenye ukosi wa shati la mlinzi, hukuhuku Makete, asubuhi moja ya baridi kali.

"Sema! Dizeli yangu umemuuzia nani?"

Dereva Kibwana, aliyepandisha lori kutoka Kilosa, alikuwa amemkaba Lutengano, mlinzi aliyelala karibu na gari. Lori lilikuwa limegoma kuwaka.

Tusekile alifika mbio. Ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wanawake waliopakia mbegu za viazi humo. Sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, ilikuwa imetanda juu ya turubai la lori. Mbegu zikilala tena pale zingeharibika, na wenzao wa bondeni wangekosa cha kupanda.

"Mwachie koo kwanza, ndipo umuulize."

"Mama, mwizi naye hubembelezwa?"

"Kama ni mwizi, sijui. Najua hawezi kujibu."

Kibwana akamwachia. Lutengano akakohoa weee, kisha akasema, "Pima tangi, kaka. Sijaligusa."

Wakatumbukiza kijiti. Tangi lilikuwa tele.

"Basi ametia maji!"

"Fungua kizibo cha chini ya filta," Tusekile akamwambia. "Maji ni mazito, yatatangulia kutoka."

Maji hayakutoka. Ilitoka dizeli yenye ukungu, ikijikokota.

"Kaka," Lutengano akasema, "hiyo si wizi. Hiyo ni supu ya mbuzi iliyolala."

Watu wakaangua kicheko. Tusekile hakucheka.

"Dizeli ya kwenu kwenye joto imeganda huku. Injini unayoitukana tangu alfajiri nayo imekabwa koo. Acha kuiwasha kwa slefu, utaua betri bure."

Kibwana akataka kukoka moto chini ya tangi.

"Utuchome wote? Thubutu!"

Wanawake wakaleta maji ya moto, wakaloweka matambara na kuyazungushia kwenye mipira ya mafuta. Wakafunga filta mpya ya akiba, wakatia mafuta ya taa kidogo kwenye tangi ili dizeli ilegee. Lutengano akapampu mafuta kwa mkono mpaka hewa ikaisha kwenye mipira. Injini ikakohoa mara mbili, ikanguruma.

Kibwana akakalia usukani, kisha akamtazama mlinzi.

"Mama mwenyekiti, nikifika bondeni nitampigia simu nimwombe radhi."

"Ulimwita mwizi kwa simu?"

Kibwana akafungua mlango. Akashuka, akasimama juu ya bampa, akapaza sauti hadi waliokuwa mashambani wakageuka.

"Jamani! Lutengano hakuiba! Nimemkosea, nisamehe ndugu yangu!"

"Haya, nenda," Lutengano akamjibu, "viazi vinapigwa baridi."

Lori likateremka na mbegu zake. Tangu siku hiyo, mtu akimbana mwenzake kisha akamlaumu kwa kukosa jibu, huku kwetu huambiwa: aliyekabwa koo halaumiwi kwa kunyamaza.