Vibuyu vya Bibi Tusekile

Kaeni vizuri, nami niwaeleze habari ya vibuyu. Zamani hizo watu wa Ilundo walijenga nyumba nzito za mawe na udongo, wakajivunia unene wa kuta zao. Ardhi ilipojigeuza kidogo usingizini, waliitukana, kisha wakarudi ndani kuendelea na shughuli zao.

Bibi Tusekile hakupenda kutupa kitu. Mbegu zote za maboga alizitia kwenye vibuyu, akavitundika darini panya wasizifikie. Ndipo akagundua kwamba mbegu hulia ndani ya vibuyu kabla miguu haijahisi ardhi ikijigeuza. Aliwaeleza jirani zake. Wakamcheka, wakamwuliza kama panya wake sasa wanacheza ngoma.

Msimu mmoja binti yake, Subilaga, akajifungua. Kwa mila yao, mzazi hakutoka nje kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Aliyemtoa alihesabiwa kuwa amemuua mtoto. Asubuhi moja, watu wengi wakiwa mashambani, vibuyu vikalia, vikanyamaza, vikalia tena. Tusekile akasimama mlangoni pa binti yake. Mjukuu huyo alimpenda kupita kiasi, na mila hiyo aliiogopa tangu utotoni.

"Mwanangu, toka nje," alisema.

"Mama, kitovu bado."

"Najua. Mlete mtoto. Lawama nitabeba mimi."

Subilaga akambeba mtoto, akatoka na mama yake. Wanawake waliokuwa ndani wakipika uji wa mzazi walitoka mbio kumfuata Tusekile ili wamkemee, na hasira hiyo ndiyo iliyowaokoa. Walimfikia katikati ya migomba, na hapohapo ardhi ikajigeuza kwa nguvu zote. Kuta nene zikalala chini, Ilundo nzima. Mtoto alikuwa ananyonya, wala hakuachia titi.

Kitovu kilidondokea palepale migombani, mtoto akiwa mzima. Tusekile alipiga magoti, akaupapasa udongo.

"Ulikuwa unatuita," alisema. "Sisi ndio tuliokuwa hatusikii. Asante."

Na tangu siku hiyo watu wa Ilundo hufuma nyumba zao kwa mianzi myepesi, na kila dari lina kibuyu cha mbegu. Kikilia, hata mzazi wa jana hutoka na mtoto wake, na hakuna amlaumuye. Wakishafika nje wote husema asante. Mara nyingi hakuna kinachofuata, na asante husemwa vilevile.