Kilima Kilichopandwa Kila Mwaka

Niambieni, nyinyi mliokaa hapo mkiguguna mahindi: mmewahi kuona mti unaopandwa kila mwaka, katika shimo lilelile, na haufiki magotini?

Basi ulikuwepo. Ni zamani sana, enzi zile wanyama walipokuwa na vyeti kabatini na njaa tumboni.

Palikuwa na pimbi mmoja, jina lake Wakesho, mnyama mdogo asiyezidi paka wa jikoni. Aliishi kwenye majabali ya kilima kimoja pamoja na mama yake na wadogo zake. Alikuwa na digrii ya misitu. Mama yake aliifunga digrii hiyo kwenye nailoni isilowe, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kuifanyia.

Chini ya majabali yao ilibubujika chemchemi. Lakini kilima kilikuwa kipara, na mvua ikinyesha udongo uliteremka poromoo! hadi kwenye jicho la maji. Mahali ambapo mama yake Wakesho alizoea kuchovya ndoo, sasa alikinga kikombe, tena kwa subira. Jicho likiziba, ukoo mzima uhame. Na pimbi ahamie wapi? Kule bondeni ni kwa wenye meno.

Sasa sikilizeni ajabu. Kilima hicho kipara kilipandwa miti kila mwaka.

Mwenye kazi alikuwa Tembo, na msimamizi wake Nyati. Walikuwa na kambi yenye bango kubwa lililoandikwa OKOA KILIMA. Kila msimu walitua korongo vijana kutoka ng'ambo ya jangwa, wamemaliza shule, hawajaanza chuo, wako kwenye gap year, yaani mwaka wa kutafuta maisha wakati wengine maisha yanawatafuta wao. Kwanza walipanda miche kilimani. Kisha walikwea mlima mrefu wa jirani, punda wakiwabebea mikoba. Mwisho walipelekwa safari kumtazama Simba, ambaye aliamshwa, akanguruma mara moja kwa niaba ya bara zima, akarudi kulala.

Korongo wenyewe hawakuwa na ubaya. Walipanda kwa moyo, wakapiga picha kila mmoja na mche wake, wakaaga kwa machozi.

Wakishaondoka tu, Tembo alipanda kilimani na mkonga wake. Nyofo! Nyofo! Aling'oa kila mche akaurudisha kitaluni, mashimo yabaki wazi kwa korongo wa mwaka ujao. Miti ikikua, wageni watapanda nini?

Wakesho aliyaona hayo yote kutoka jabalini. Siku moja alichukua digrii yake akashuka kambini kuomba kazi. Alimwita Tembo mjomba, maana pimbi na tembo ni ndugu wa mbali, ingawa Tembo hakupenda kukumbushwa mbele ya wageni.

"Una uzoefu?" Tembo aliuliza bila kuigusa nailoni.

"Nimezaliwa pale juu, mjomba."

"Kuzaliwa siyo uzoefu, mwanangu. Hiyo ni anwani."

Wakesho akasema basi ajitolee, kama wale korongo. Nyati alicheka mpaka kamasi zikamtoka. Alimweleza polepole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba kujitolea kuna ada, tena ya pesa za kigeni. Aliyekosa kazi hapa hawezi hata kuifanya bure. Asante kwa kuja, tutakupigia.

Wakesho alirudi kwao moyo ukimchemka. Njiani alipita kwenye mifupa ya Bibi Tembo, mama mkuu wa ukoo wa kina Tembo, aliyefia bondeni zamani. Nyasi za hapo zilimzidi kimo na vichaka vilijaa maua. Tangu utotoni alijua sababu. Pale mfupa wa tembo ulipowekwa na kupapaswa kwa mkonga, hapo pamekuwa nyumbani kwa marehemu. Hakuna tembo atakayevunja hata kijiti. Huzunguka mbali na kupita kimya.

Alisimama hapo hadi mawingu ya mvua yakaanza kujikusanya juu ya kilima. Kesho yake alikuwa kambini tena.

"Mjomba, leo siombi kazi. Nimekuletea wazo la bure."

Neno bure lilimfungua Tembo masikio. Wakesho akamwambia kuwa miche inapandwa kila kambi, wageni wameichoka. Wanachotaka sasa ni utamaduni. Kwa nini wasione tembo wakipapasa mifupa ya bibi yao? Siyo huku bondeni kwenye mbu. Kule juu, kati ya miche yao wenyewe, mandhari yote nyuma.

"Mashangazi zangu nao?" Tembo aliuliza, ameshaanza kujiona kwenye picha.

"Waje. Korongo wanakitambua kilio cha kuigiza."

Nyati akauliza mifupa itabebwa na nani hadi juu. Wote wawili wakamtazama, akawa amepata jibu.

Nyati alipandisha mifupa akihema. Wakesho alimwelekeza pa kuiweka: taya pale, mbavu hapa, paja karibu na chemchemi, eti picha ijae. Walipomaliza, hakukuwa na mche usiokuwa na mfupa jirani.

Mashangazi walifika mmoja nyuma ya mwingine, wakiongozwa na Shangazi Mghoi. Wao waliambiwa Bibi anahamishwa, na kwao hilo halikuwa igizo. Walipapasa kila mfupa, taratibu, hadi wa mwisho. Kisha Shangazi Mghoi alitoa sauti nzito ya chini iliyotetemesha kokoto. Korongo walizishusha kamera zao. Tembo peke yake ndiye aliyegeuka kutafuta kamera.

Msimu ukaisha, korongo wakaruka kwenda kwao. Tembo akapanda kilimani, mkonga tayari. Alishika mche wa kwanza, na ncha ya mkonga ikagusa taya la Bibi. Akauachia. Akaenda wa pili. Ubavu. Wa tatu. Ubavu mwingine. Kule chini mashangazi waliokuwa wakila majani waliacha kutafuna.

"Ile ilikuwa shoo tu," Tembo aliwaambia.

"Mkonga wangu haujui shoo," alisema Shangazi Mghoi. "Hapo nimempapasa mama yangu. Vunja kijiti kimoja, tuone."

Tembo akamgeukia Nyati, akamwamuru ang'oe yeye. Nyati aliwatazama mashangazi, akapima ukubwa wao, akasema mgongo bado unamuuma tangu siku ile ya mizigo.

Hapo ndipo Tembo alipomwona Wakesho, amekaa jabalini anaota jua.

"Umenifunga, mpwa wangu."

"Mimi, mjomba? Mimi sina uzoefu."

Miche ikapata miaka, ikawa miti. Udongo ukashikwa, jicho la maji likafunguka, na mama yake Wakesho akairudia ndoo yake.

Atakayeugeuza msiba wa kwao kuwa maonyesho, asilalamike msiba ukimdai.

Wakesho hakupata kazi. Tembo alihamisha bango lake hadi kilima cha pili, akachimba mashimo mapya, na kule hakuna mifupa. Kwa hiyo nyinyi mnaotoa vibali vya kambi hizi, mnaokuja siku ya wageni na kofia mpya: pandeni kilimani wageni wakishaondoka, muitazame miti kwa macho yenu, na kazi ya kilima mumpe mwenye kilima. Mumpe sasa, na mshahara wake.