Upondo Mmoja, Vinywa Vitatu

Hapo zamani, na si zamani ya mababu, ni juzijuzi tu na wenyewe wangali hai, palikuwa na wasichana wawili wa chuo kimoja kule nyanda za juu, Sekela na Tumpe. Walilala chumba kimoja, walikula sahani moja, na waliruka kwa upondo mmoja. Mnaujua mchezo huo? Unakimbia na ufito mrefu kuliko wewe mara mbili na zaidi, unauchomeka kwenye kishimo, ufito unapinda, unakurusha juu ya mwamba, ule ufito mwembamba uliolazwa juu ya nguzo mbili, unaangukia godoro. Chuo kizima kilikuwa na upondo huo mmoja. Wakachaguliwa kwenda nao ng'ambo, kwenye mashindano ya wanafunzi wa mataifa, pamoja na kocha wao, Mwalimu Ambakisye.

Walipofika, Mwalimu akaufungua mfuko wa upondo peke yake, akaona ufa mwembamba. Wapakia mizigo wa ndegeni hao, Mungu anawaona! Angesema, wasichana wangerudi nyumbani bila kuruka, baada ya miaka mitatu ya kuamka alfajiri. Akauzungushia utepe. "Nimewaongezea pa kushikia," akawaambia. Mwalimu akanyamaza.

Siku ya fainali mwamba ukapandishwa hadi mita tatu na sentimita sabini. Kila duru Sekela ndiye aliyetangulia, na mara mbili mwamba uliwashinda wote wawili. Mara ya tatu akakimbia, akachomeka, upondo ukapinda, na mle mle mikononi mwake akasikia: ta! Kamlio kadogo, kama njiti ya kiberiti inayovunjika. Akavuka salama. Watu wakashangilia, naye pale godoroni anautazama upondo.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Tumpe, na Tumpe alikuwa keshaangusha mwamba ule mara mbili. Amebakiwa na nafasi moja. Sekela akawaza: nikisema, upondo utawekwa kando na mwenzangu atatolewa. Watasema nina kijicho, nimevuka mimi nikamzibia yeye. Na kama ndani yake palikuwa na kasauti kengine, kanakotaka Tumpe asivuke, hako anakajua yeye na Mungu wake. Akamkabidhi upondo. "Haya, mdogo wangu, nenda." Sekela akanyamaza.

Tumpe akakimbia. Jamani! Upondo ulikatika yuko juu, kabla hajalifikia godoro. Akaanguka chali kwenye ukingo wa chuma wa kile kishimo. Tangu siku ile hajasimama, na madaktari wamesema hatasimama.

Akarudishwa kwao. Mama Tumpe, mjane, akamwogesha mwanawe mwezi mzima peke yake, akamgeuza, akamfulia, shamba likaota nyasi. Ndipo Mwalimu na Sekela wakaja kutoa pole, na sukari na sabuni mkononi. Mama akawatokea mlangoni ameshika beseni la maji ya moto.

"Sukari yenu sitaki," akasema. "Mwanangu alikuwa anaoga mwenyewe. Habari za upondo ule zimenifikia, kwamba chini ya utepe palikuwa na ufa. Aliyejua akanyamaza, huyo ndiye atakayemwogesha, leo na kesho na miaka yote. Aje alipokee beseni."

Mwalimu akavua kofia. "Ni mimi, Mama. Ufa niliuona kwanza, nikaufunika. Nilitaka waruke, walikuwa wamehangaika mno. Lakini mimi mwanamume, nitamwogeshaje binti yako?"

Sekela akapiga magoti, akanyoosha mikono. "Mwalimu alidhani upondo utashika, Mama. Mimi niliusikia ukipasuka, kisha nikampa kwa mkono wangu huu. Nitaacha chuo, nitahamia hapa. Nipe mimi."

Mama akaanza kumnyooshea beseni. Mara sauti ya Tumpe ikatoka ndani: "Mama, usimpe!"



"Siku tuliyofika nilimwona Mwalimu dirishani akiufunga ule ufa," Tumpe akasema, analia. "Nilijua kabla ya Sekela. Nikasema moyoni, anayetangulia ni yeye, ukikatika ukatike naye. Kila alipotua salama nikazidi kuamini upondo ni mzima. Mama, kidogo tu na huyu angekuwa kitandani kwao. Nitavuliwaje nguo na mikono yake?"

Tumpe naye, kumbe, alinyamaza.

Sekela alikuja kuomba msamaha, sasa hajui aombe au aombwe. Hasira ikampanda: mimi, nililala naye chumba kimoja! Halafu akakumbuka alivyomwambia haya, nenda, na hasira yote ikageuka aibu. Hakuinuka, wala hakuiondoa mikono.

Haya sasa, nyie mnaojua kuamua mambo ya watu. Msitazame chini. Yuko Mwalimu aliyeuficha ufa. Yuko Sekela aliyeusikia akampa mwenzake upondo. Yuko Tumpe aliyemwacha rafiki yake atangulie hatarini. Na Mama amesimama pale, maji yanapoa, na mtoto hajaoga. Je, nani alistahili kulipokea beseni lile?