Kamba ya Kisima cha Kwediloko

"Mwenye mtoto kisimani haulizi kamba ni ya nani." Ndivyo nilivyomjibu kaka yenu Semboja kwenye simu, aliponieleza kwamba huko Marekani mtoto wa jirani alianguka uani kwake, naye akabaki dirishani kungoja gari la wagonjwa. Hakumgusa. Aliogopa kushtakiwa. Mmecheka, kisha mkauliza methali hiyo nimeitoa wapi. Haya, kaeni, maana ilipozaliwa mimi nilikuwapo.

Kisima chetu cha Kwediloko kilikuwa na kina kirefu, na kila mtu alikwenda na kamba yake. Asiye nayo aliazimwa. Siku moja Mzee Mhina alimwazima jirani yake Mbelwa. Kamba ikakatika akivuta ndoo, Mbelwa akaanguka chali, akavunjika mkono. Alikwenda kushtaki mjini. Hakimu hakuuliza mengi. "Kamba ilikuwa ya nani?"

"Yangu," akajibu Mzee Mhina, na kwa jibu hilo akapoteza ng'ombe wake wawili.

Wajukuu zangu, hofu iliyotuingia baada ya hapo sijaiona tena. Shoka, ngazi, jembe, vyote tulivificha uvunguni. Ukimwomba mtu kaa la moto, anakuuliza, "Na ukiungua?" Mganga wetu alisema dawa zimekwisha, nasi tunaziona zimeanikwa juani. Tuliogopana kuliko tulivyomwogopa chui.

Mwaka haukuisha. Asubuhi moja Chausiku, binti wa Mbelwa, mtoto wa miaka sita, aliteleza akatumbukia kisimani. Alipata jiwe la ukutani akalishika, maji yamemfika kifuani. Tulikuwa wanawake saba pale juu, kila mmoja na kamba yake. Tulimsikia akilia, "Mama! Nateleza!"

Mbelwa alikuja mbio, mkono wake mbovu ukining'inia. "Nipeni kamba, ndugu zangu!"

"Ikikatika je?" akauliza Bi Mboni, mke wa Mzee Mhina. "Si utatupeleka kwa hakimu tena?"

"Sishtaki! Naapa!"

Hakuna aliyesogea. Kamba yangu ilikuwa mpya, mume wangu kaisokota wiki ile ile. Nikaificha nyuma, chini ya kanga. Msinitazame hivyo. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe mmoja tu, na mtoto akilia kule chini, mimi nilimwaza ng'ombe.

Ndipo Mama Chausiku akatokea shambani. Aliona ncha ya kamba ikichungulia, akaninyang'anya, akaifunga kwenye gogo lililolazwa mdomoni mwa kisima na ncha nyingine kiunoni mwake.

"Dada, ngoja!" nikasema, Mungu anisamehe. "Wakiuliza kamba ni ya nani, niseme nini?"

Akanigeukia. "Mwenye mtoto kisimani haulizi kamba ni ya nani," akasema, akashuka.

Mtu wa kwanza kuishika ile kamba kumsaidia alikuwa Mzee Mhina, aliyekuja mbio kwa makelele yetu, yeye aliyepoteza ng'ombe. Tukaona haya, nasi tukashika. Tukavuta mpaka viganja vikachubuka.

Chausiku alitoka mzima, midomo imemfa ganzi kwa baridi. Kila mtu alimkumbatia. Nilipomsogelea mimi, alijificha nyuma ya mama yake. Kisima kinapeleka sauti, wanangu. Kule chini alikuwa amesikia kila neno tulilosema.

Ndiyo maana jana nilimuuliza Semboja, "Yule mtoto aliyeanguka uani kwako, alikuona umesimama dirishani?"

Akasema, "Aliniona, bibi."

Basi mkiisikia tena msicheke. Mwenye mtoto kisimani haulizi kamba ni ya nani. Siku ile mimi niliuliza.