Mti wa Mwisho Uliohama

Paukwa!
"Pakawa!"
Pakawa nini?
"Msitu!"
Uko wapi?
"Ulikuwa hapa!"

Basi sogeeni karibu na moto. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana hadithi hii ni ya kale mno, hata mawe yaliyoishuhudia yameshasahau nusu yake.

Hapo zamani za kale, nchi ile ya kaskazini ambayo leo ni mchanga na mawe meusi ilikuwa msitu. Msitu kwelikweli! Tumbili alipanda mti asubuhi, akaruka tawi kwa tawi siku saba, na mguu wake usiguse chini. Ukingoni mwa msitu huo, kaskazini kabisa, waliishi warina asali. Kazi yao nyuki, chakula chao asali, rafiki yao ndege mlembe, yule anayeita watu na kuwaongoza hadi kwenye nyuki. Wakisharina walimwachia sega moja. Hiyo ilikuwa haki yake.

Walikuwa na mila moja kubwa. Mti uliosimama mwisho wa yote upande wa kaskazini waliuita Mti wa Mwisho. Waliuchanja alama ya ukoo, mikato mitatu na mmoja wa kuikata katikati, wakatundika mzinga juu yake, wakaapa: "Mzinga wetu ulipo, hapo ndipo kwetu."

Mvua zikabadilika. Kwanza zikachelewa. Kisha zikapungua. Kisha zikapita juu zikielekea kusini bila hata kuaga. Miaka ikaenda, mjukuu akawa babu, miti ikakauka mmoja mmoja. Ukingo wa msitu ukawa mwendo wa siku moja kusini, kisha siku mbili, kisha siku tano. Mti wa Mwisho ukabaki peke yake mchangani, gogo lililosimama, halina jani wala gome.

Je, watu walihama? Hawakuhama! Walisema mti una kiu. Kila alfajiri walichota kisimani vibuyu vitatu, wakalimwagilia gogo, ndipo watoto wakapewa yaliyobaki. Mnacheka? Ngojeni.

Mwenye kazi ya kumwagilia alikuwa mama kijana, jina lake Talaso. Aliirithi kwa mama yake, na mama yake kwa nyanya. Mgongoni alibeba binti yake mchanga, Sori, midomo imepasuka kwa kiu. Mtoto akilia mama huumia. Sori alikuwa ameacha kulia, na Talaso aliogopa.

Asubuhi moja kisima kikatoa vibuyu vitatu tu, kikanyamaza.

Baba mkubwa wa Talaso, mzee Guyo, mkuu wa ukoo, akasema, "Mti kwanza, mwanangu."

"Na Sori, baba mkubwa?"

"Mti ukianguka hatuna kwetu. Asiye na kwao atampa mtoto nini? Atakayegusa maji ya mti si wetu tena."

Guyo hakuwa mtu mbaya, msimwonee. Yeye mwenyewe hakuwa amenywa tangu juzi.

Talaso akamwaga kibuyu cha kwanza. Mchanga ukanywa, kimya. Akamwaga cha pili. Mchanga ukanywa, kimya. Akainua cha tatu, mkono ukakataa.

Mlembe akatua juu ya gogo. "Che-che-che! Nifuate!"

Mlembe hamdanganyi mrina asali. Talaso akakumbatia kibuyu cha tatu, akakimbia nyuma ya ndege. Guyo akapiga kelele, lakini miguu yake ilikuwa ya jana.

Ndege hakwenda kusini kwenye msitu. Alikwenda kaskazini, jangwani!

"Wewe ndege, huku kuna asali gani?"

"Nimesema asali? Nimesema nifuate. Vizazi vitatu mnamwagilia gogo nami nangoja sega langu. Njaa imenifundisha adabu, sasa inanifundisha ukali."

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Wakakuta kisiki kimefukiwa nusu na mchanga. Talaso akapangusa kwa kiganja. Mikato mitatu, na mmoja wa kuikata katikati.

"Alama ya nani?" ndege akauliza.

"Alama yetu," Talaso akasema. Akamdondoshea Sori matone ya maji.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Wakakuta kisiki kingine, kimeliwa na upepo. Mikato mitatu, na mmoja wa kuikata katikati.

"Alama ya nani?"

"Alama yetu." Akamdondoshea Sori matone.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda, jua likainama. Wakafika kwenye bonde lililojaa makombe ya konokono wa majini na mifupa ya kiboko. Ukingoni pamelala shina kubwa kuliko nyumba tatu. Talaso akaligusa. Lilikuwa jiwe! Mti umekuwa jiwe, na juu ya jiwe, mikato mitatu, na mmoja wa kuikata katikati.

Akaketi. Aliona kichwani mwake miti yote ile iliyosimama pale, na watu wake wakipanda na kushuka na mizinga, watu ambao hata majina yao hakuna ajuaye. Machozi yakamtoka, na hayakuwa ya huzuni.

Chini ya shina kobe akatoa kichwa. "Unalia nini, mjukuu?"

"Babu Kobe, msitu wetu ulikufa mara ngapi?"

"Haujafa hata mara moja. Msitu ni kama kifua cha mtu aliyelala. Hupanda, hushuka. Ulikuja hadi hapa mvua ilipokuja, ukarudi mvua iliporudi. Wazee wako walishusha mzinga, wakaufuata. Walipokaa sana mahali pamoja, wakasahau kutembea."

Talaso akaokota kibanzi cha jiwe chenye alama, akarudi.

Guyo alimngoja penye gogo, fimbo mkononi. "Umekunywa maji ya mti! Si wetu tena!"

Talaso akasema, "Nimetoka kaskazini, kwenye miti yetu ya kale." Akamwekea kibanzi kiganjani. Mzee akapapasa mkato wa kwanza, wa pili, wa tatu, akapapasa na ule wa katikati. Fimbo ikaanguka.

"Ni wetu," akanong'ona. "Walihama... Nasi tumewanyima watoto maji."

Kibuyuni mlibaki funda moja. Koo lake mwenyewe lilikuwa kavu, lakini Guyo alikichukua kibuyu kwa mikono miwili, akamnywesha Sori mpaka tone la mwisho. Na Sori akalia! Ukoo mzima ukashangilia kilio kile.

Wakaushusha mzinga usiku uleule, wakatembea nyakati za baridi, siku tano, wakichimba mizizi yenye maji, hadi kwenye mti wa kwanza wenye jani. Talaso akauchanja, akatundika mzinga. Nyuki wakaingia. Na mlembe? Alipewa masega matatu, moja kwa kila kizazi.

Hadithi yangu nimeitundika hapo, mwenye mkono mrefu aishushe. Funzo lake: kwetu hutunzwa, lakini usimnyime mtoto maji ukanywesha gogo.

Nami nimewaongoza hadi kwenye asali, sega langu liko wapi?