Mwamba wa Pimbi na Vita vya Kiti

— Ngano inapita, niisimamishe?
— Isimamishe, tuko macho.
— Ina meno na kucha.
— Ilete hivyo hivyo, tutaishika mkia.

Haya. Huko Ulaya, karne ya kumi na nane, wafalme walivaa nywele za kuazima na kuuana miaka mingi kwa ajili ya kiti kilichoachwa wazi. Nimezurura nchi nyingi, lakini majina yao bado yananikwama kooni kama mwiba wa samaki, kwa hiyo nawavika manyoya ya wanyama. Watanisamehe.

Mfalme Nyati wa ng'ambo ya mto alikufa bila mtoto. Simba, mfalme wa upande huu, akasema, "Kiti ni cha mjukuu wangu." Chui wa msituni akasema, "Kiti ni cha mwanangu." Vita vikaanza.

Mto ulijaa mamba. Kivuko kilikuwa kimoja tu, na njia yake ilipita juu ya mwamba wa pimbi, wanyama wadogo kama sungura, wasio na pembe wala mkia wa maana. Simba akienda kupigana, puu, puu, juu ya mwamba. Chui akija kulipiza, puu, puu, juu ya mwamba. Kila jeshi likipita, pango moja lilibaki kimya. Mama Pimbi alizika watoto, akazika tena, akabaki na mmoja, anayenyonya.

Akaenda kwa Simba. "Shikamoo, Bwana Mkubwa. Chui amechoka, anataka mpatane mwambani."

"Amechoka kweli?"

"Anahema, bwana."

Akaenda kwa Chui. "Shikamoo, Bwana Mkubwa. Simba amechoka, anataka mpatane mwambani."

"Amechoka kweli?"

"Anahema, bwana."

Sasa, wakubwa wale walikuwa na desturi yao. Anayeingia barazani wa kwanza ndiye bwana. Anayeondoka wa kwanza ndiye mtumishi. Mama Pimbi akafyeka njia mbili za kupandia mwambani, urefu sawa, wakafika juu pamoja, wakaketi pamoja.

"Mjukuu wangu," akasema Simba.

"Mwanangu," akasema Chui.

Jua likapanda. Mwamba ukawaka kama kikaango, chwaa.

"Ondoka, Chui, unaungua."

"Tangulia wewe, mzee. Mkia wako unatoa moshi."

Hakuna aliyeinuka. Wakalala hapo hapo, jua likapanda tena.

"Wewe mama," Simba akasema kwa sauti iliyokauka, "maji."

"Yako mtoni, bwana. Inuka ukanywe."

Simba akamtazama Chui. Hakuinuka.

Mama Pimbi akatoka kwenye ufa wake wenye ubaridi. "Mabwana, mkila kiapo kimoja mtaondoka pamoja. Hapatakuwa na mtumishi."

"Kiapo gani?"

"Mjukuu akalie kiti cha Nyati, ila asirithi kamwe kile cha babu yake. Chui apewe msitu wa Nyati. Na mwamba huu wa kiapo, mwenye kucha asiukanyage bila ruhusa ya mlinzi."

"Mlinzi nani?"

"Yeyote, mabwana. Hata mimi nisiyefaa kitu."

"Huyo huyo," akasema Simba, ulimi nje. Wakaapa, wakainuka pamoja, wakakimbilia maji.

Simba alipokwisha kunywa, akaukumbuka ule msitu aliopewa Chui, akautamani. Akakusanya jeshi, akafika mwambani, akainua mguu.

"Ukikanyaga, kiapo kimevunjika," akasema Mama Pimbi. "Mjukuu wako ashuke kitini."

Mguu ukabaki hewani. Kisha ukarudi nyuma.

"Basi niruhusu, mama. Nikamwone mjukuu tu."

"Wewe peke yako. Jeshi libaki. Ficha kucha, upite polepole, mwanangu amelala."

Simba akaficha kucha. Akapita mbele ya mapango yaliyo kimya, moja baada ya jingine, kichwa chini, kama apitaye penye msiba. Mtoto hakuamka.

— Nimeitua hapa. Mwenye mgongo aibebe.
— Tumeibeba. Na funzo lake?
— Funzo ni kwamba mambo ya wakubwa waachiwe wakubwa. Wadogo wakiingilia, wataharibu vita.